Kuwahi ni Nusu ya Kupona: Mwongozo wa Afya ya Unyumba kwa Familia za Bukavu

Mwishoni mwa mwaka 2023, waganga wa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika wilaya ya Mwenga, walipokea wagonjwa wenye vipele vilivyoota sehemu za siri. Wengi wao walikuwa wachimbaji vijana na wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa za mji ule. Ilikuwa mpox ya aina mpya, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ikiambukizwa kwa kujamiiana. Haikuchukua muda ikafika Bukavu, ikavuka kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Kisa hicho kimetokea mkoani kwetu, na funzo lake ni letu. Yanayofanyika chumbani ni siri ya wawili, na siri hiyo ina heshima yake. Lakini magonjwa, mimba, majeraha na hofu vinavyotoka chumbani humo huingia nyumbani kwa jirani, shuleni, sokoni Kadutu na kwenye wodi ya wazazi. Ndiyo maana afya ya unyumba ni jambo la umma, sawa na maji safi na chanjo ya watoto.

Mwongozo huu umepangwa kwa muda, kwa sababu karibu kila tatizo la afya ya unyumba lina saa yake. Ukifika kabla ya saa hiyo, vidonge vichache au sindano moja hutosha. Ukichelewa, inabaki operesheni, au dawa za maisha, au mazishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingi kinachokula saa hizo ni aibu: mtu anajua anaumwa, anajua kituo kilipo, anangoja kwanza maumivu yaishe au watu wasahau. Soma leo, ukiwa mzima, ili siku ya haja usianze kutafuta.

Kwanza: ujue mlango wako

Uwe unakaa Ibanda, Kadutu au Bagira, kartiye yako ina kituo cha afya kinachoihudumia. Huo ndio mlango wa kwanza kwa kupima, kwa uzazi wa mpango, kwa kliniki ya wajawazito na kwa maambukizi ya kawaida. Penye jambo zito watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Ila ukiwa umebakwa, barua isikucheleweshe. Nenda moja kwa moja panapotolewa huduma hiyo, kama vile Hospitali ya Panzi.

Watu wengi hurudi nyumbani kwa kuogopa meza ya kujiandikisha, ambapo foleni nzima inasikia. Pale hulazimiki kueleza kinachokuuma. Sema tu: “Naomba kuonana na muuguzi kwa faragha.” Sentensi hiyo inatosha. Mlango ukishafungwa, sema yote na uyaite kwa majina yake. Ukisema “tumbo linauma” wakati unaona usaha sehemu za siri, utapewa dawa ya minyoo. Mficha uchi hazai, na mganga hatibu asichoambiwa. Muuguzi na daktari wanabanwa na siri ya kazi yao. Hawaruhusiwi kumwambia mume, mama mkwe wala mchungaji bila idhini yako.

Saa 72 na siku 5: baada ya kubakwa, au kondomu ikipasuka

Hapa ndipo saa inapokimbia kuliko pengine pote. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, au sida kama tunavyosema hapa, hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida yake. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina nafasi hadi siku 5, nacho hufanya kazi vizuri zaidi siku za mwanzo.

Ukiwa umebakwa, au umempokea aliyebakwa, fuata hatua hizi.

Kwanza, usalama. Kama ni usiku na njia ni ya hatari, ngojeni pambazuke mahali penye watu mnaowaamini. Alfajiri ondokeni, msingoje kikao cha ukoo.

Pili, kama mnaweza, asioge, asifue nguo za siku ile wala asizitupe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa kitenge. Plastiki hutunza unyevu na kuozesha alama. Kama ameshaoga, aende vilevile. Dawa hazijali kama umeoga.

Tatu, muende hospitali kabla ya polisi. Kutibiwa hakuhitaji karatasi ya polisi, jina la mbakaji wala ruhusa ya mume. Huduma hii inapaswa kuwa ya bure. Mkidaiwa pesa, ombeni kuonana na mkuu wa kituo.

Ni vizuri kujua kinachotokea ndani ya chumba kile, maana hofu ya kisichojulikana imewazuia wengi. Muuguzi anafunga mlango na kuuliza ilikuwa lini na umeumia wapi. Unaweza kumtaka mama au dada yako akae nawe. Anaomba ruhusa kabla ya kukugusa, na una haki ya kusema “ngoja” au “hapana” wakati wowote. Kidole kinatobolewa, damu inapimwa. Kisha dawa zinawekwa mezani, na kila moja inaelezwa: za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo utameza kila siku kwa siku 28; kidonge cha kuzuia mimba, unachomeza palepale; dawa za kisonono, klamidia na kaswende; chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ya pepopunda kama kuna jeraha. Ukitapika kidonge cha mimba kabla ya saa 2 kupita, rudi upewe kingine. Kidonge hicho huchelewesha yai kutoka, wala hakitoi mimba iliyokwisha kutunga. Watoto hupewa dozi kwa uzito wao, kwa hiyo usimgawie mtoto dawa za mtu mzima.

Siku 28 ni nyingi na dawa huweza kuleta kichefuchefu. Zimeze pamoja na chakula, usiku kabla ya kulala, na usiache katikati. Utarudi kupimwa baada ya wiki 6, na tena baada ya miezi 3. Mpaka kipimo cha mwisho kitoke salama, wenye ndoa watumie kondomu.

Kuna siku utaambiwa dawa zimekwisha. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa kundi la M23 Februari 2025, na Marekani ilipokata misaada yake mwaka huohuo, hilo limekuwa likitokea. Usirudi nyumbani. Mwombe muuguzi apige simu kituo kingine ungali hapo. Na kumbuka jambo ambalo wengi hawalijui: dawa za siku 28 ni za jamii ileile wanayomeza kila siku watu wanaoishi na virusi. Kwa hiyo kituo chochote kinachowahudumia hao ni mahali pa kuuliza.

Na saa 72 zikipita? Nenda. Kidonge cha mimba kina siku 5, chanjo ya homa ya ini bado ina maana hadi siku 14, maambukizi mengine yanatibika wakati wote, na majeraha ya ndani yanashonwa hata baada ya miaka. Hakuna siku ambayo umechelewa kiasi cha kutopokelewa.

Mwanaume na mvulana pia hubakwa. Sheria yetu ya 20 Julai 2006 inamtambua kila aliyetendewa, wa kiume na wa kike, na dawa ni zilezile. Kaka, mlango ule ni wako pia.

Bukavu ina urithi katika jambo hili. Mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi akiwa na nia ya kuwasaidia wajawazito wazae salama, na mgonjwa wake wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kutokana na miaka ya kazi hiyo, ambayo ilimletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, Panzi imejenga utaratibu wa nguzo nne: kutibu mwili, kutibu moyo, kusaidia kisheria, na kumrudishia mtu njia ya kujipatia riziki. Wewe ndiye unayechagua uzitumie zipi. Unaweza kutibiwa bila kushtaki, na unaweza kushtaki baadaye.

Lakini uchunguzi wa daktari uandikwe hata kama hutaki mahakama leo. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watoto wa kike kadhaa waliibwa usiku vitandani mwao huko Kavumu, kaskazini mwa mji wetu, wakabakwa. Waliletwa Panzi, wakatibiwa, na majeraha yao yakaandikwa. Kumbukumbu hizo zilisimama mahakamani, na tarehe 13 Desemba 2017 wanaume 11, mmoja wao mbunge wa mkoa, walihukumiwa kifungo cha maisha.

Wazee wa ukoo, neno hili ni lenu. Kwa sheria, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na ubakaji haumalizwi kwa faini wala kwa mapatano ya familia mbili. Mbuzi wa mapatano hamkingi mtoto na virusi. Kila siku mnayokaa kujadili idadi ya mbuzi, saa 24 katika zile 72 zimekwenda.

Wiki chache: muwasho, usaha, kidonda

Dalili za kukutoa nyumbani ni hizi: kukojoa kwa maumivu, usaha kwenye uume, uchafu ukeni uliobadilika rangi au harufu, kidonda, kipele au uvimbe sehemu za siri, maumivu chini ya kitovu, hasa wakati wa tendo. Nenda ndani ya wiki hiyohiyo. Mwanamke anaweza kuwa na kisonono au klamidia bila dalili yoyote huku mirija ya uzazi ikiharibika polepole. Kwa hiyo mumeo akitibiwa, nawe utibiwe hata kama huhisi kitu.

Kanuni kuu hapa ni moja: watibiwe wote wawili, kwa wakati mmoja. Mmoja akimeza dawa na mwingine akaachwa, watarudishiana ugonjwa mpaka dawa zichoke. Wekeni siku 7 bila tendo baada ya dawa. Anayeogopa kumwambia mwenzake amwombe muuguzi amwandikie karatasi ya wito isiyotaja ugonjwa. Kugombana nani alileta kunaweza kungoja, kutibiwa hakuwezi.

Jihadhari na kidonda kisichouma. Kaswende huanza hivyo: kidonda kimoja, hakina maumivu, na baada ya wiki 3 hadi 6 kinafunga chenyewe. Mtu anamshukuru Mungu na kusahau, kumbe ugonjwa umeingia ndani ya damu. Kipimo chake ni tone la damu kidoleni, na ukiwahi, tiba yake ni sindano ya penisilini.

Vipele vyenye maji au usaha, pamoja na homa na tezi zilizovimba, huweza kuwa mpox. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 21 tangu ulipomgusa mgonjwa. Usifanye tendo la ndoa, usilale kitanda kimoja na mtu, usichangie taulo, na uende kituoni ukiwa umefunika vipele. Mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya ifunge, wewe bado unaambukiza. Baada ya kupona, tumia kondomu kwa wiki 12.

Mambo mawili tuyaache. La kwanza ni kununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki vya kuuzwa rejareja. Dozi nusu haiui vijidudu, inavifundisha kuishi na dawa, na kisonono kimekwisha kuzishinda dawa kadhaa za zamani. La pili ni kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, chumvi au majani. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha, na kuusugua ndani kunaondoa kinga yake na kuyafungulia maambukizi njia.

Kuhusu virusi vya ukimwi, jipimeni mkiwa wawili. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa. Ndoa yenye virusi inaweza kuwa na unyumba, watoto na uzee. Na sheria yetu ya 14 Julai 2008 inamlinda anayeishi na virusi asibaguliwe kazini, shuleni wala hospitalini.

Miezi tisa na inayofuata

Mama, anza kliniki ya mimba kabla ya wiki ya 12, usingoje tumbo lionekane. Siku ya kwanza pimwa kaswende na virusi vya ukimwi, na baba naye apimwe. Kaswende ya mjamzito huweza kuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe akiwa mgonjwa. Sindano ya penisilini ikidungwa mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua, humkinga. Unaweza kupata wapi kinga rahisi kama hiyo?

Tendo la ndoa wakati wa mimba halimdhuru mtoto, isipokuwa kuna damu, maji yanavuja, au mganga amekataza. Baada ya kuzaa, mwili upewe muda, kwa kawaida kama wiki 6, na hata hapo mama ndiye anayejua kama amepona.

Kama uchungu ulikuwa mrefu, na siku zinazofuata mkojo au choo kinavuja chenyewe, hiyo ni fistula. Haitokani na uchawi wala uzinzi. Kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama muda mrefu mpaka ikafa na kuacha tundu. Wahi! Tundu dogo likionwa wiki za mwanzo, mrija wa mkojo ukiachwa ndani wiki kadhaa huweza kulifunga bila kisu. Ukichelewa itahitajika operesheni, na Panzi wamezifanya kwa maelfu. Mwanamke anayejitenga kanisani kwa sababu ya harufu anahitaji jirani wa kumshika mkono na kumpeleka.

Uzazi wa mpango nao una saa yake: uchague kabla hujarudi kwenye unyumba, sio baada ya kukosa hedhi. Anayemnyonyesha mtoto maziwa yake tu, mchana na usiku, na hajaona hedhi, ana kinga mpaka mtoto afikishe miezi 6. Baada ya hapo kuna sindano ya miezi 3, ambayo aina yake moja mwanamke hufundishwa kujidunga mwenyewe, kijiti cha mkononi cha miaka 3 au 5, kitanzi cha shaba cha miaka 10 na zaidi, vidonge, shanga za kuhesabu siku kwa wenye mzunguko usiobadilika, na kondomu, ambayo peke yake kati ya hizo huzuia pia maambukizi. Baada ya sindano, huenda hedhi ikapotea, na mimba ikachelewa miezi kadhaa hata ukishaacha. Uambiwe hayo kabla, usishtuke baadaye. Sheria ya afya ya umma ya 13 Desemba 2018 inawataka wanandoa wakubaliane juu ya njia, na wasipokubaliana, uamuzi wa yule anayeitumia njia hiyo ndio unaotangulia.

Miaka: yanayokua kimyakimya

Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na kirusi kinachopatikana kwa kujamiiana, na huchukua miaka, mara nyingi zaidi ya 10, kutoka doa dogo hadi saratani. Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi huenda kwa kasi zaidi. Miaka hiyo yote mwanamke hasikii kitu. Damu baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi ni dalili ya kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa. Unalala chali, muuguzi anaingiza chombo kinachofungua uke, anaipaka shingo ya kizazi pamba yenye siki hafifu, kisha anasubiri dakika moja. Penye uzima panabaki waridi. Penye hitilafu panageuka peupe, na eneo hilo huweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, mara nyingi siku hiyohiyo. Unahisi kubanwa kidogo, unavaa, unarudi kwenye meza yako ya mauzo. Kila mwanamke wa miaka 30 hadi 49 apimwe, na anayeishi na virusi aanze akiwa na 25. Kama kituo chako hakina huduma hiyo, uliza siku za kampeni au hospitali ya rufaa.

Na watoto? Zamani msichana alifundwa na shangazi. Vita vimetawanya mashangazi: mmoja yuko kijijini kusikofikika, mwingine kambini, mwingine alizikwa. Kazi imebaki kwa mama na baba. Kuanzia umri wa kuoga mwenyewe, mtoto ajue majina ya viungo vyake na ajue kwamba hakuna mtu mzima, hata mjomba, hata mwalimu, anayeruhusiwa kumgusa huko na kumwambia anyamaze. Kabla ya miaka 10 msichana aelezwe hedhi, isije ikamkuta darasani akadhani anakufa. Mvulana aelezwe ndoto za usiku, na aambiwe wazi kwamba msichana akisema hapana, ni hapana. Zungumza mkiwa kazini, mkichambua sombe au mkipanda na maji, maneno mafupi mara nyingi. Mtoto anayeuliza kuhusu mimba bado hajaharibika. Anayeharibika ni yule anayejibiwa na simu ya mwenzake.

Unyumba wenyewe

Shirika la Afya Duniani linapoeleza afya ya kujamiiana, linataja hali njema ya mwili, moyo, akili na mahusiano, wala halikomi kwenye kutokuwa na ugonjwa. Kwa hiyo raha, hiari na amani ya chumbani ni sehemu ya afya, na watu wa Bukavu, ambao dunia inawajua kwa majeraha yao, wana haki ya raha hiyo kama watu wengine.

Maumivu wakati wa tendo ni dalili, hayapaswi kuvumiliwa. Yanaweza kutoka kwenye maambukizi, kovu la kuzaa, ukavu wa kunyonyesha au woga. Pima kwanza. Kama mwili hauna ugonjwa, punguzeni haraka, mzungumze, mkubaliane kwamba neno “basi” likisemwa mnaacha bila hasira.

Kwa aliyebakwa, mwili unaweza kukaza wenyewe hata mbele ya mume anayempenda. Hajamkataa mume, mwili wake bado unajilinda. Wapo wanaopona kwa ushauri wa mtaalamu, kwa muda na kwa kuguswa bila kudaiwa tendo. Baba, usihesabu siku. Lala karibu naye akikubali, mbali akitaka. Nenda naye kwa mshauri, na uombe kikao chako peke yako, kwani hasira na fedheha ulizonazo nazo zinahitaji mahali pa kutulia. Mume anayemfukuza mke kwa kubakwa anamalizia kazi ya mbakaji.

Wanaume, nguvu zikipungua, anza na kupima shinikizo la damu na sukari. Mara nyingi mishipa ya uume huwa ya kwanza kulalamika kabla ya moyo. Pombe, usingizi mbovu, kukosa kazi na hofu ya vita nazo huchangia. Unga na vidonge vya nguvu vinavyouzwa njiani bila jina la dawa avimeze asiyeogopa kuanguka kwa moyo, na huyo asiwe wewe.

Cha kufanya wiki hii

Andika kwenye karatasi, uiweke mahali mnapoficha vyeti: jina la kituo chenu cha afya, namba ya simu ya muuguzi mmoja, na maneno haya: “saa 72, siku 28”. Mfundishe karatasi hiyo mtu mzima mmoja zaidi nyumbani.

Kama una dalili yoyote kati ya zilizotajwa, nenda kabla ya Jumamosi. Kama una mimba na hujapimwa, nenda na mwenzako. Kama umetimiza miaka 30 na hujawahi kupimwa shingo ya kizazi, uliza tarehe. Kama una mtoto wa miaka 9, chagua jioni moja mzungumze. Na katika kikundi chenu cha akiba, kwaya au chama cha wazazi, ombeni muuguzi wa kartiye aje kuzungumza nusu saa. Jambo likishasemwa na wengi, mmoja hatalionea haya.

Huwezi kufanya yote kwa siku moja. Anza na lile ambalo saa yake inakaribia kuisha.